Diski Mpya ya Fundi Saa

Kijiwe chao cha kahawa kilikuwa na benchi moja na meza moja yenye mguu mfupi, meza iliyomwaga kahawa nyingi kuliko iliyonyweka. Siku hiyo Fundi Saa alikuwa ameiinamia kompyuta ya bintiye, jasho linamtoka. Diski ya zamani ilikufa juzi. Amefunga mpya, na bado kioo kinaandika yale yale: hakuna diski. Saa kumi binti ana usaili wa kazi kwa video. Mzee ndiye aliyemwambia, kwa kiburi cha ufundi wake, "Usihangaike na watu, mwanangu, niachie mimi."

— Umeizima ukaiwasha? aliuliza Gia Nne, dereva mstaafu.

— Mara nane.

— Umeikaza?

— Kwa mkono huu huu unaokaza saa za watu!

— Basi ina baridi. Chombo kipya hukiondoi papo hapo. Kiache kingurume kwanza.

— Kingurume na nini, wewe? Kina injini? akauliza Profesa, kinyozi wa jirani, akitua kikombe. Hapa ni suala la kutojuana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Diski ndiyo mgeni. Mmeitambulisha?

Mama Birika, muuza kahawa, akaguna.

— Wivu huo. Zile diski zinafanana kama pacha. Ya zamani imemwona mwenzake, imenuna. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hapana! akasema Profesa, akasimama kabisa. Imetoka ng'ambo, sivyo? Huko saa hizi ni usiku. Imelala! Fundi Saa mzima, umesahau kuirekebishia saa?

Fundi Saa hakucheka. Kibaya zaidi, kwa nukta moja aliamini.

Binti akatokea, blauzi ya usaili mkononi, imepigwa pasi.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakajibu, kila mtu akitazama kikombe chake.

— Mwanangu, nimekuangusha, baba akasema.

— Hujaniangusha, baba. Saa saba tu hii.

Akaketi. Mama Birika akammiminia kahawa hadi ukingoni, naye akakidaka kikombe kwa mikono miwili, kama wote walivyozoea hapo. Akangoja. Akaachia mkono mmoja, kisha wa pili. Kikombe kilitulia tuli.

— Baba, meza hii imeacha kuyumba tangu lini?

Profesa akakuna kichwa chake mwenyewe. Hakuna aliyejua.

Fundi Saa alikuwa anaanza kujua. Asubuhi meza ilimtikisia skrubu, akaudhika, akachukua ile diski mfu akaisokomeza chini ya mguu. Ile aliyodhani ni mfu.

Akamwekea binti kompyuta mapajani, akapiga magoti, akainua meza. Kahawa yote ikamwagika, na hakuna aliyelalamika. Akachomoa kile kibamba cheusi, lebo yake mpya bado inang'aa, akakifuta kwa shati lake na kumkabidhi binti.

— Ishike wewe, mama, akasema. Mimi nifungue skrubu tu.