Ugali Uliokuja kwenye Jani la Mgomba

Benchi letu liko mbele ya duka la ushirika hapa Izimbya. Mwaka huu wa njaa duka lenyewe lina chumvi na ule unga wa mahindi wa njano wa msaada, basi. Sisi ni watu wa ndizi, ugali hatujauzoea, na sasa migomba imebaki majani matupu, mkungu hakuna. Kahawa tu ndiyo haijatutupa, ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo cha Redio. Kwetu anayetoa kahawa hutafuna kwanza yeye, mgeni aone haina sumu, ndipo kikapu kizunguke. Redio tunamwita hivyo kwa kuwa hana swichi ya kumzima. Yupo pia Kampala, aliyewahi kuishi huko na hataki tusahau, na Katekista, aliyeacha ukatekista kwa ajili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Asubuhi hii alikuja Rwegasira na kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Mke wake amelazwa hospitali, anasubiri kujifungua, jikoni kaachiwa yeye. Akalifungua jani kwenye benchi. Ulikuwa ugali, umepoa, wa njano kama kiini cha yai.

Rwegasira: Mae, mama yangu, hali kitu. Tangu juzi anasukuma sahani, anasema hiki si chakula. Leo nimemwinua anywe maji, shingo haikai. Niambieni nimekosea wapi.

Redio akauchoma ugali kwa kijiti.

Redio: Hujatia chumvi. Ndizi bila chumvi ungekula?

Rwegasira: Nilitia. Si ndiwe uliyeniambia?

Redio: Basi ilizidi. Haba na haba hujaza kibaba!

Kampala: Chumvi kwenye ugali, kwenye posho? Kampala wangekucheka. Uligeuza mwiko upande gani?

Rwegasira: Upande? Niligeuza tu.

Kampala: Ndiyo hapo! Wa kulia, siku zote wa kulia.

Katekista akainama, akaunusa.

Katekista: Wewe ulichelewa kuepua. Nilikwambia, ukishikana tu, toa motoni. Samaki mkunje angali mbichi.

Rwegasira: Niliepua ulivyosema, mzee wangu. Hata jasho halikunitoka.

Redio: Mimi nasema unga huu wazungu walikusudia kuku wao. Mama amejua! Watu wa zamani wana pua.

Kampala: Usifunge kwenye jani basi. Ugali ukiona jani unadhani ni ndizi, unachanganyikiwa.

Nilicheka. Rwegasira alinitazama, kicheko kikanikauka.

Katekista: Tatizo ni rangi. Mpikie gizani, umlishe gizani. Au mfunge kitambaa machoni. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Rwegasira: Mwana yupi? Huyo ni mama yangu! Nimfunge kitambaa kama mwizi?

Alisimama, ngumi imekunjwa. Katekista akasogea hadi mwisho wa benchi. Nilishika kanzu ya Rwegasira kwa nyuma.

Rwegasira: Mae anakufa, na ninyi mnachoma vijiti!

Hapo ndipo Joviana alipotoka dukani. Ameolewa juzijuzi kutoka Muleba, hatujamzoea. Alikuwa amebeba unga kwenye kitambaa. Akapiga goti.

Joviana: Shikamooni, waitu, wazee wangu. Na mimi nimepewa huu, sijawahi kuupika. Naona wa kwenu uko tayari. Ladha yake ikoje?

Redio akamtazama Kampala.

Kampala: Kule tulikuwa tunakula mweupe.

Katekista alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mimi nilikuwa nimeunusa tu, tena kwa mbali. Niliona aibu. Tukabaki tunamtazama mwenye ugali.

Rwegasira: Mimi... nakula viazi kwa kaka yangu. Mae namwekea karibu na kitanda, natoka.

Akaketi polepole. Akamega tonge katikati, pale ambapo hakuna aliyefika, akatia mdomoni. Akatafuna mara moja, akaacha. Unga mkavu ukamtoka midomoni.

Rwegasira: Mbichi. Ndani ni unga mtupu. Mama yangu kaniambia si chakula, nikadhani anaringa.

Machozi yalimtoka mbele yetu wote, hakuyafuta. Akaondoka anakimbia kurudi kwa mama yake, jani akaliacha. Joviana akajitwika unga wake, akamfuata akiita kwamba watajifunza pamoja.

Redio akatunyooshea kikapu cha kahawa. Alikuwa amesahau kutafuna kwanza. Hakuna aliyechukua.