Raphaël Mugisho (1961–2007): Hakufa kwa Huzuni

Raphaël Mugisho alizaliwa Bukavu tarehe 9 Machi 1961, kitinda mimba wa nyumba yao. Dada yake Denise, aliyembeba mgongoni, ndiye aliyeandika wasifu huu. Ameombwa apunguze ukali. Amekataa.

Mwaka 1970 familia ilihamia Lyon. Shuleni alikuwa wa mwisho kwa hesabu na wa kwanza uwanjani, na akiwa na miaka kumi na sita klabu ilimsajili.

Alicheza beki wa kushoto miaka kumi na minne, na mara nne, kati ya 1985 na 1987, aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa. Jezi ya kwanza alimpa mama yao, naye akaenda nayo sokoni msimu mzima wa baridi, akifungua koti ili wauza samaki waione. Goti lilipomstaafisha mwaka 1991, waliokuwa wakimpigia makofi hawakumpigia hata simu. Alinuna siku mbili, kisha akatafuta kazi.

Alikuja Birmingham mwaka 1999, akaajiriwa karakana moja ya Tyseley, na Jumapili akawafundisha wenzake mpira. Mwaka 2001 alimwoa Zilpah Moraa, muuguzi kutoka Kisii, wakakaa Selly Oak. Majirani walikijua kicheko chake kabla ya kumjua yeye.

Tarehe 12 Novemba mwaka huu kifua kilimbana, Zilpah akiwa kazini. Kliniki aliomba mkalimani wa Kifaransa. Kwenye simu akapatikana wa Kiswahili, Mkenya. Raphaël akasema kama wasemavyo Bukavu: "Roho iko inaniluma." Huko roho ndiyo moyo, huu unaodunda. Mkalimani alisikia majonzi, na daktari akaandika: mchezaji mstaafu, ana huzuni ya umaarufu uliopotea. Jioni Raphaël alimpigia Denise simu.

"Nilibaambia roho, dada. Banasema nitafute marafiki."

Tarehe 14 moyo ulisimama.

"Ningekuwa hapo ningewaambia ni chest pain," Zilpah anasema hadi leo. "Roho yake ndiyo moyo wetu. Six years nimeisikia."

Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Denise ana hasira, na hataki kuambiwa ni mapenzi ya Mungu.

Ameacha mjane, Zilpah. Binti yao Beverly, miaka mitano. Na dada yake. Faili bado linasema huzuni. Kwenye chai baada ya mazishi, atakayesema Raphaël aliuawa na mawazo aje amwambie Denise ana kwa ana.

Apumzike kwa amani Raphaël, aliyesema ukweli kwa Kiswahili cha kwao, akaambiwa pole.