Mama Beatha na Viwango vya Ijumaa

Mama Blandina Mchomvu, ambaye hapa kazini tumezoea kumwita Mama Beatha, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, baada ya kuitumikia redio yetu ya Same kwa miaka ishirini na miwili.

Mzaliwa huyu wa Gonja alianza kwa kusoma salamu na matangazo ya vifo. Alipohamia michezo, wanaume wote wa idara walikuwa wakigombea mpira wa miguu, akaachiwa mapambano mchanganyiko, yale ya ngumi, mateke na kukabana chini. Walidhani wamemtupia mabaki. Yeye akaanzisha viwango vya Ijumaa, akiwapanga wapiganaji wa uzito wa juu kwa jinsi walivyopigana, wala si kwa majina yao. Bingwa aliyeshinda kwa kukumbatia tu alishushwa, na aliyeshindwa huku akipigana kweli alipandishwa. Mashabiki walipiga simu kulalamika, naye aliwasikiliza kwa upole na hakubadilisha kitu. Wapare tunasifika kwa ubishi, na Mama Beatha alijichotea fungu la ukoo mzima.

Mwaka juzi Saruni, mpiganaji wa uzito wa juu kutoka kwa wafugaji wa tambarare, alileta posa kwa Beatha, binti yake mama. Ilikubaliwa, na hapo kazi ikaota miiba. Kwa mila zetu mama mkwe hamtazami mkwewe akiwa kifua wazi, na ulingoni hakuna anayevaa shati. Mhariri wetu, Rodrick, alishauri Saruni aondolewe kwenye viwango. Mama Beatha alikataa. Aligeuza kiti, akaipa runinga mgongo, nami nikamsimulia pambano teke kwa teke. Saruni alishinda, lakini mama alikuwa amesikia pumzi zake raundi ya tatu, zikikoroma kama jenereta bovu. Akampa nafasi ya nne.

Wiki hiyohiyo wazee wa Saruni walitarajiwa kuleta ng'ombe wa mahari. Beatha alilia, akasusa chakula. Mzee Ezekiel, baba yake Saruni, alipoingia redioni na fimbo yake, tulijua harusi imevunjika. Mzee akamwambia Mama Beatha kwamba hata mnadani yeye humwamini yule anayemweleza kuwa ng'ombe wake amekonda, na kwamba nyumbani kwa mtu wa namna hiyo ndiko anakotaka mwanawe aoe. Ng'ombe wakaja. Saruni naye akaanza kukimbia mlima, kutoka Maore hadi Gonja, na pumzi ikapatikana.

Viwango vyake vya mwisho vilisomwa Ijumaa iliyopita. Wengi tuliamini Saruni angepewa nafasi ya kwanza, iwe zawadi ya kuagana. Amepewa ya pili, kwa sababu mkono wake wa kushoto bado unashuka akichoka. Safari hii Beatha, mtoto mgongoni, alicheka mpaka akakaa chini.

Mama Beatha, asante kwa kutufundisha kusema kweli bila kumdharau mtu. Tutakukosa sana, na tunakuombea afya na pumziko jema huko Gonja. Ila kuna jambo moja. Ulipoipa runinga mgongo, mimi nilikuwa nimekaa mbele yako, na niliona midomo yako ikisali kila Saruni alipopigwa. Kuanzia Jumatatu hupangi tena mtu. Geuza kiti kama kawaida, lakini sasa sali kwa sauti.