Fundi Kola, Aliyeambiwa Asubiri Kwanza

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, mtoto wa tatu wa mwashi na mkunga. Alisoma hadi darasa la saba. Siku ya mtihani wa mwisho alichelewa kwa kuwa alisimama mlangoni kumshonea mwenzake kifungo, na hakuona kosa lake liko wapi.

Alijifunza cherehani kwa mjomba wake, enzi zile fundi akikupima mabega huku akikuuliza habari za nyumbani. Mwaka 1988 alimwoa muuza maziwa wa mtaa wa pili. Hawakujaliwa mtoto. Mkewe alifariki mwaka 2015, marehemu akiwa hospitalini.

Maradhi ya akili yalimwanza mwaka 2006. Sauti zilimwambia jirani anamtilia sumu. Akampiga kwa pasi ya mkaa, jirani akapoteza jicho. Mahakama iliona ni mgonjwa, ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili wenye kesi. Mwaka wa kwanza alijaribu kujiua, akaokolewa. Nesi mkuu wa wakati huo alimpa cherehani, akamfungulia karakana ndogo wodini, karibu na meza yake. Marehemu akawapima wagonjwa wenzake sare, wakaongea, akapata nafuu. Kisha wakaja wataalamu wa kisasa. Sare zikaletwa kwa marobota, saizi moja, karakana ikafungwa, na penye kiti cha nesi pakatundikwa kamera. Kamera inaona, lakini haimuulizi mtu kama amelala.

Machi mwaka huu daktari alisema anaweza kurudi nyumbani, mradi apatikane wa kumpokea. Akaonya waziwazi: aliyewahi kujaribu kujiua, akakaa ndani miaka mingi, akikosa pa kwenda, hatari huzidi. Kaka yake, mpangaji wa chumba kimoja, alikataliwa na mwenye nyumba. Ukoo ukakaa kikao.

“Kwangu hakuna nafasi,” alisema dada yake mkubwa, mwenye vyumba vitano. “Godoro nitalitandika wapi, juu ya kabati?”

“Dada, yule fundi bwana, atajishonea hema,” binamu akatania. Watu wakacheka.

Siku ya kutembelea wagonjwa, dada alimwambia, “Subiri kwanza, mdogo wangu.”

“Sawa, dada. Hebu weka vizuri kola yako, imejikunja.”

Alijiua wodini tarehe 2 Juni, kamera ikiwaka. Jana dada aliomba isomwe kwamba ni presha. Haikuwa presha.

Leo vyumba vyote vitano vimetandikwa magodoro ya waombolezaji, hadi jikoni.

Ameacha dada, kaka, binamu na wapwa wengi. Apumzike kwa amani, mahali ambapo hataambiwa asubiri kwanza.