Fanuel Odiwuor na Swichi Iliyojizima Yenyewe

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, na ninyi mliovuka maji kutoka Mbita kuja kutusindikiza, mimi ni Cephas Agutu, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake, kazi ambayo niliikataa mara mbili kabla ya kuikubali.

Fanuel Odiwuor Agutu alizaliwa tarehe 3 Mei 1921 hapa Kamasengre, kisiwani Rusinga, kifungua mimba wa mzee Agutu na mama Phelesia, akasoma shule ya misheni karibu na Kendu Bay tangu 1931 hadi darasa la sita mwaka 1937, kisha mwaka 1942 akaingia jeshini, ambako alifundishwa kutandaza na kuunga nyaya za simu, na aliporudi akaajiriwa kama fundi wa stima mgodini Macalder, Januari 1947, akaifanya kazi hiyo mpaka mgodi ulipofungwa mwaka jana.

Tarehe 20 Agosti 1949 alimwoa Filister Akelo wa Karungu, wakajaliwa Roseline, Javan na Benta, ambao mnawaona hapa mbele, na mtoto wa nne, mvulana aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, Julai 1958, katika zahanati ndogo ya misheni huko Nyatike, akalazwa ndani ya sanduku lililopashwa moto kwa balbu, ambayo ikiachwa iliunguza na ikizimwa mtoto alipoa, na siku ya pili akafa.

Fanuel hakulia mbele yetu, alirudi Macalder akaanza kukata vipande vyembamba vya shaba na vya chuma, akiviunganisha viwili viwili kwa misumari ya ribiti, kwa kuwa shaba ikipata joto hutanuka kuliko chuma, basi kipande hupinda, huachana na waya na balbu huzimika, kikipoa hunyooka na balbu huwaka tena bila mkono wa mtu, na ingawa alijua kwamba ng'ambo swichi za namna hiyo zilikuwepo, ya kwake ilitengenezwa kwa mabaki ya karakana na fundi yeyote angeweza kuiiga. Machi 1961 aliifunga katika sanduku la zahanati ile ile, na muuguzi Nyanchama, ambaye yuko nasi leo, ameniambia kwamba watoto kumi na mmoja waliolala humo walitoka wakiwa hai.

Mwaka 1963 daktari mmoja mgeni aliiona, akaomba michoro na barua ya maelezo ili zahanati nyingine zitengenezewe, naye Fanuel akaniletea michoro hiyo Homa Bay, nilikokuwa karani, niandike barua kwa Kiingereza. Alikuwa ameichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nami nikaona aibu kuituma, nikaifungia kwenye droo, na aliponiuliza nikamwambia, "Nimeshatuma, kaka, ngoja jibu," akangoja, akawa anaenda posta ya Migori kila mwisho wa mwezi, hata baada ya daktari huyo kurudi kwao.

Machi mwaka huu alishikwa na ugonjwa wa kifua, akalazwa Homa Bay, na wiki moja kabla ya kufa nilimwambia ukweli. Aliuliza, "Filister anajua?" nikasema hajui, akasema, "Basi mwambie wewe, mimi nimechoka." Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 14 Septemba 1967, saa nne asubuhi, nami sikuwa nimemwambia.

Shemeji Filister, sasa nimekuambia, mbele ya watu hawa wote, na sijui ni wazazi wangapi walizika watoto wakati ile michoro iko kwangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kuchimba kaburi, na mafundi wenzake wa Macalder waliombeba mabegani kutoka ufukweni.

Pumzika, kaka, kwa amani ambayo mimi sikukupa.