Saluni Namwachia Kitinda Mimba

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena, na wewe fundi bomba, mwanangu mkubwa, funga huo mlango kelele za barabarani zisininyang'anye maneno. Mimi shangazi yenu sikuzaa, ila kaka yangu na mkewe walipofariki niliwachukua ninyi wawili nikawalea humu nyuma ya saluni, katikati ya harufu ya dawa za nywele na ngurumo ya mashine ya kukaushia. Kwa hiyo nikisema wanangu, sisemi kwa adabu tu.

Hedhi yangu iliruka, ikarudi, kisha ikakatika kabisa ningali kijana, jasho likinitiririka nikiwa nimeshika kitana, nami nikidhani ni joto la mashine. Mama mkwe alininywesha mizizi ya kila namna, na mawifi walikuja kusukwa bure huku wakilipima tumbo langu kwenye kioo. Daktari, mama mmoja mpole, ndiye aliyenifumbua macho: "Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, hatengenezi mengine. Yako yamekwisha mapema. Homoni zinatoka kichwani zikiyaita kwa kelele, lakini hakuna wa kuitika." Nikamuuliza kama kuna dawa ya kuyarudisha. Alinishika mkono tu. Mume wangu akaoa mwingine, na bi harusi aliletwa kwangu nimsuke, hajui mimi ni nani, nami sikumwambia, nilimsuka vizuri. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Uchungu wa kumkosa hawakuutungia methali.

Fundi bomba, sasa hilo hilo limemfika mdogo wako, Kitinda Mimba wangu huyu anayenifuta jasho. Majibu yake tumeyasikia sote: mayai machache, na hayo machache ni dhaifu. Walipompandikizia yai hospitalini, mimba ilishika, tukaanza kutembea kwa kunyata kama tutaiamsha, ikatoka. Si uchawi, wala si kwa sababu alisoma sana au alimeza vidonge vya kupanga uzazi, kama mnavyonong'ona jikoni. Huenda imo katika damu yetu tu. Fundi bomba, nimesikia umemtafutia mtu wa dawa za chupa za kusafisha kizazi. Acha, mwanangu. Ukikuta tangi halina maji, unazibua bomba ili kitoke nini?

Na wewe, mkwe wangu, uliyekaa hapo kwenye kiti cha wateja. Najua mama yako amekuonyesha msichana. Wanawake wakikaa chini ya mashine hudhani na mimi sisikii. Sina uwezo wa kukukataza. Nataka useme mbele yangu, ningali na masikio: utabaki na mwanangu? Sema, baba. Hata "nitajitahidi" imekushinda? Mbona unainuka? Haya... Mwache, fundi bomba, usimshike shati. Mume wa kushikwa shati leo, kesho huchomoka.

Lia, mama, lia, sitakuambia unyamaze. Saluni hii na vyumba viwili vya nyuma ni vyako, na kaka yako asiuze hata kiti kimoja. Yeye ana nyumba, ana mke, ana mabinti. Hao mabinti, fundi bomba, mmoja akikosa siku zake mpelekeni hospitali mapema, msingoje aolewe, huenda wakamkuta bado ana mayai ya kuhifadhi. Huyu tulimchelewesha kwa kusema atakaa sawa akishaolewa. Nizikeni asubuhi, bila hotuba.

Nigeuzeni kidogo... Hivyo. Lete mkono wako, Kitinda Mimba. Baraka zote nilizofundishwa huishia kwenye watoto, uzae, ulee, uitwe bibi, na nyingine sikufundishwa. Mungu akupe usingizi. Akupe... mtu wa kukuuliza, "Umekula?" Na wewe, mkubwa, uwe... uwe unapita hapa. Maji. Hapana, usiende kuyachota. Kaa. Kaa tu.