Spika Zilizo Chini ya Leso

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Chifu, Sheikh wetu na Mchungaji wetu, mliokubali kuketi meza moja mbele ya spika kubwa kiasi hiki, Mwenyekiti wa ukumbi Bi Damaris, wazazi wenzangu wa Shela na wa Vitengeni, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi vijana wa Ganda mliosimama huko nyuma kwa sababu viti tumevikalia sisi: Assalaam alaykum. Wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Walionizidi umri, shikamooni.

Naitwa Radhia. Wengi wenu mwanijua kwa mabuibui, maana nusu ya mabuibui ninayoyaona hapa nimeyashona mimi, na wenyewe wawili watatu naona wamenenepa tangu nilipowapima. Nimeombwa nikate utepe wa chumba hiki cha muziki, na nitaukata, mkasi ndio kazi yangu. Lakini kabla sijaukata nina maneno. Ni maneno ya mtu mmoja, ila nataka myasikie nyote.

Mtu huyo ni Garama. Ameketi pale karibu na mlango, amevaa shati la kazi ya lori, na tangu niliposimama hapa hajainua uso. Usihangaike kutoka, Garama. Mjomba wako Ngumbao ameukalia mlango huo, na nimemuomba asikupishe mpaka nimalize.

Waheshimiwa, juu ya mlango wa chumba hiki mmeandika jina la mwanangu Zayd, aliyetutoka mwaka jana. Nashukuru, na nimelia nilipoliona. Lakini nani kati yenu aliyewahi kucheza, Malindi, Watamu, mpaka Kilifi, ambaye alimjua Zayd bila Garama? Mabango yalikuwa na jina moja tu, Zima Mapema, na jina hilo lilikuwa la watu wawili. Mmoja alitengeneza muziki nyumbani, mwingine akausimamisha mbele ya watu, na hakuna aliyekuwa mkubwa wa mwenzake.

Zayd alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu. Wazazi wenye watoto hao mpo hapa, nanyi hamhitaji kuelezwa. Wengine nitawaambia kwa ufupi kwamba ni damu yenyewe inayogeuka na kumuuma mtoto mifupani, akilowa mvua, akichoka, akipigwa na baridi. Wenzake walipokuwa mpirani, yeye alikuwa kibandani kwangu Shela, kwenye kiti kando ya cherehani. Sasa mtoto asiyeweza kukimbia atafanya nini? Atasikiliza. Zayd alinisikiliza nikishona mpaka akaweza kuniambia, amenipa mgongo, kama napiga pindo au naunga mkono wa nguo. Siku moja nikaikuta simu yake chini ya cherehani, karibu na mguu wangu, inarekodi.

Nikamwambia, "Mwanangu, cherehani ni ya kushonea."

Akaniambia, "Mama, wewe shona tu, usinijali."

Garama alikuja Malindi kusoma sekondari, akakaa kwa shangazi yake Mbeyu hapa hapa Ganda, akawekwa darasa moja na Zayd. Siku ya kwanza kuletwa kwangu alinisalimu kwa adabu, akaketi, akausikia mdundo wa cherehani yangu ukitoka kwenye kompyuta kuukuu ya mwanangu, akacheka mpaka nikaudhika. Nikamuuliza, "Wachekani?" Akasema, "Mayo, hii si cherehani. Hii ni kayamba ya kwetu, imevaa buibui." Tangu siku hiyo huniita mayo, kama wamwitavyo mama kwao, na mimi sikumkataza.

Haikupita muda akamleta shangazi yake na kayamba yenyewe. Mbeyu, simama wakuone. Basi huyu akitikisa, mimi nikishona, na vijana wawili wametuelekezea simu kana kwamba sisi ni mawaziri. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa muziki ambao baadaye wageni waliokuja Kilifi walituuliza umetengenezwa kwa mashine gani ya Ulaya. Niliwaambia ni mashine ya kushonea, na hawakuniamini.

Lakini muziki bila wa kuucheza una faida gani? Garama akasema, "Twende matanga." Akampeleka Zayd kwao Vitengeni, ambako mtu mzima akifa watu hukusanyika siku nyingi, wakapika, wakalia, na wakapiga muziki na kucheza, ili mwenye safari yake aende akijua alikuwa na watu. Mwanangu alirudi macho yamemtoka. "Mama, kwao wanacheza msibani!" Nikamwambia asiwacheke wenzake. Akasema, "Siwacheki. Yule mzee wamemuaga kwa heshima kuliko bwana harusi." Sisi wa Shela msiba wetu ni kimya, ni Kurani na dua na kahawa. Kila watu na msiba wao, na hakuna msiba usiouma.

Nawaona akina mama mmekunja nyuso. Najua sifa za disko za matanga, najua mabinti walioharibikiwa humo, na nyumba nyingine ziko karibu hapa sitazitaja. Hawa wawili walilijua pia. Wakaweka sharti lao: watapiga mchana, na ikiadhiniwa Maghribi wanazima, hata kama watu wamepandisha mori, hata mwenye shughuli atoe sauti gani. Zayd alikuwa akienda kusali, na Garama akisimama mbele ya mitambo kuilinda isiwashwe. Vijana wa Vitengeni wakawazomea: "Zima Mapema hao wamekuja!" Wao wakalichukua jina hilo wakalipaka kwenye spika zao kwa rangi nyekundu. Sheikh, najua maoni yako kuhusu muziki, nawe wajua yangu, na tunaheshimiana. Lakini hilo la kuzima wakati wa adhana uliniambia mwenyewe kwamba lilikupendeza.

Na mnajua walivyofanya kazi? Zayd alitengeneza wimbo kitandani, akamtumia Garama kwa simu, Garama akaupiga mbele ya bibi zake wa Vitengeni na kuwaangalia mabega. Mabega yasipotikisika, nilikuwa nasikia simu ikilia kibandani: "Zayd, mabega yamekaa." Mwanangu anakwenda kuubomoa wimbo wote na kuujenga upya. Siku mabega yalipotikisika, alifurahi hata kula kukamshinda. Mtoto ambaye hakuweza kucheza ngoma hata moja mpaka mwisho aliwachezesha wazee wa watu walio mbali naye, kwa mabega aliyoelezwa kwenye simu.

Wakaanza kuitwa. Wakaitwa Kilifi, wakaitwa Mombasa, wakaitwa Nairobi. Nairobi ina baridi, na baridi kwa Zayd ilikuwa hospitali. Mwenye tamasha akamwambia Garama aje peke yake, kwani yeye ndiye anayeonekana jukwaani. Garama akamjibu, "Sisi ni wawili," akabaki Malindi. Hakuniambia mimi, wala hakumwambia Zayd. Nimeambiwa na mjomba wake baada ya msiba. Garama, ni wangapi wangefanya hivyo?

Sasa nifike kule ninakoogopa kufika.

Zayd alishikwa usiku, na alfajiri akatutoka. Nilimpigia Garama mimi mwenyewe. Alikuwa Mariakani kwa mjomba wake, ambako walihifadhi spika zao kubwa. Nikamwambia, "Garama, mwenzio ametutoka." Akasema, "Nakuja, mayo. Nakuja na kila kitu." Nikakata simu. Sikuuliza kila kitu ni nini, naye hakuuliza maziko ni lini. Alijua kwamba sisi huzika mapema. Lakini mapema ya Vitengeni ni siku ya tatu au ya nne, wakishafika wa mbali, na mapema yetu ni leo. Kwetu jambo hilo halisemwi, linajulikana. Na kwao ni vivyo hivyo: halisemwi kwamba kijana hazikwi kimya, linajulikana.

Mwanangu alizikwa baada ya Adhuhuri. Wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, wameketi mikekani wanasoma, ndipo lori la Ngumbao likasimama mdomoni mwa kichochoro chetu, spika zimepangwa juu yake ndefu kupita mlango. Garama akashuka mbio. Akasema, "Yuko wapi? Nionyesheni nimpangie spika." Mtu mmoja, nami sitamtaja, alisema, "Ondoeni balaa hilo." Kaka yangu Abdillahi akainuka, akamshika bega, akamwambia, "Tumeshamzika, mwanangu."

Garama akaketi chini, pale pale vumbini, akaegemea gurudumu la lori. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikamsikia dirishani akiuliza swali moja tu. Akauliza, "Nani alimuaga?"

Nilitoka, nikasema spika zishushwe, ziingizwe chumbani kwa Zayd, nikazifunika kwa leso yangu ya kujitanda. Garama aliketi nazo mpaka adhana ya Maghribi, kisha akaondoka, na kibandani kwangu hakukanyaga tena. Amekuwa utingo wa lori. Bi Damaris amemfuata mara nyingi aje awafundishe vijana hawa, naye akasema hana kazi na muziki. Akasema aliwaaibisha watu msibani. Akasema alichelewa.

Aibu? Watu waliniletea mchele siku ile, wakaniletea sukari na maziwa, Mungu awalipe. Lakini ni nani, katika mji mzima, aliyeniletea kitu ambacho Zayd mwenyewe angekitambua? Ulikuja na kikubwa kuliko vyote ulivyokuwa navyo, Garama, na ukakileta mahali pasipokihitaji, kwa sababu kwenu hiyo ndiyo heshima ya mwisho na hukutaka mwenzio aikose. Nilipokufuata kichochoroni sikuwa na sauti ya kukuambia. Basi nakuambia leo, mbele ya Sheikh, mbele ya Chifu, na mbele ya yule aliyesema balaa, maana naye nimemwalika: hukuniaibisha. Nilijua siku ile kwamba kuna mtu mwingine duniani anayeumia kama mimi.

Na swali lako lina jibu. Hakuna aliyemuaga. Tulimuosha, tukamsalia, tukamzika, tukamuombea, lakini kumuaga, hapana. Mimi mama yake sijamuaga mpaka leo. Nikikaa kushona bado naacha nafasi ya simu yake kando ya mguu wangu. Kumzika ulichelewa, hilo sitakudanganya, na litakuuma kama linavyoniuma. Lakini kumuaga hukuchelewa, kwa kuwa hakuna aliyefanya jambo hilo bila wewe.

Wala sikuombi umuage leo. Usimpigie Zayd. Zayd anasomewa dua, zinamtosha. Wapigie hawa waliosimama nyuma. Chumba kipo, mitambo ipo, vijana wapo, na kila siku wanabonyeza vitufe wasivyovijua kwa sababu anayevijua anapakia magunia Mariakani. Yupo binti hapa, Menza, ana ugonjwa ule ule wa Zayd. Anakaa kitini mchana kutwa na kusikiliza. Nani atamwangalizia mabega?

Najua utakalosema. Utasema, "Sisi ni wawili." Ni kweli, mwanangu, na sitaki uwe mmoja. Ndiyo maana nimekuja na cherehani. Iko pale kando ya spika, haina uzi, haina nguo. Mdundo wa kwanza ulitoka kwenye mguu huu, na mguu bado ninao, ingawa siku hizi goti hulalamika. Mbeyu, kayamba unayo? Anayo.

Garama, spika zako ndizo hizi nyuma yangu, chini ya leso ile ile. Sijaiondoa tangu siku ile, na leo pia siiondoi mimi. Jua bado liko juu. Una muda mpaka Maghribi, kisha mtazima, kama mlivyozoea.

Mheshimiwa, niwie radhi, utepe utanisubiri kidogo. Ngumbao, kaa hapo hapo, hatoki. Anakuja huku. Jamani mpisheni, msimshike mikono, mwacheni apite.

Wazazi wa Vitengeni, ahsanteni kwa kumlea huyu. Watu wa Shela, ahsanteni kwa kumuombea yule. Nyote mmenisikiliza kwa subira, na kwa mama aliyefiwa hilo si dogo, nawashukuruni. Garama, leso hiyo usiiangushe chini, mwanangu. Ikunje uniletee hapa, machozi haya sina cha kuyafutia.